Kubainisha Kampaundi kwa NMR: Kutoka Chupa ya Waragi hadi Gome la Warburgia

Mnamo Aprili 2010 watu wapatao 80 walipoteza maisha kusini-magharibi mwa Uganda, wengi wao wilayani Kabale, baada ya kunywa waragi iliyokuwa na methanoli nyingi. Methanoli na ethanoli zote ni vimiminika visivyo na rangi, zote huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, na mnywaji hana njia ya kuzitofautisha kwa macho wala ulimi wa kuaminika wa kumwonya. Kwa mkemia tofauti yao ni atomu moja ya kaboni pamoja na haidrojeni mbili zinazoandamana nayo. Kwa mwili tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva za macho na hatimaye huua.

Maabara inayopima pombe kila siku hutumia kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha mchanganyiko ukiwa katika hali ya mvuke, na inafanya vyema, kwa kuwa tayari inajua inachokitafuta. Swali huwa gumu zaidi pale ambapo mtu ana unga mweupe kidogo aliouchuja kutoka kwenye gome la mti na hajui kabisa una nini ndani yake. Kubainisha kampaundi ya namna hiyo ni kueleza atomu zake ni zipi, zimeunganishwa kwa mpangilio gani, na zimeelekea upande gani katika nafasi. Kwa kazi hiyo, chombo ambacho wakemia wa viumbehai na wa dawa hukitegemea kuliko vyote ni spektroskopia ya mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu, inayojulikana duniani kote kwa kifupi chake, NMR. Wanafunzi wengi hukutana nayo kama jedwali la namba za kukariri, nami naona hilo ni jambo la kusikitisha, maana namba hizo zina sababu, na anayezielewa sababu hana haja ya kukariri mengi.

Viini vya baadhi ya atomu vina sifa iitwayo spini, ambayo huvifanya viwe kama visumaku vidogo sana. Kiini cha haidrojeni ya kawaida, yaani protoni, kinayo. Kaboni-12, ambayo ndiyo karibu kaboni yote iliyopo duniani, haina. Kaboni-13, ambayo ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, inayo. Vile vile fosforasi-31 na florini-19 zinayo. Viini hivi vikiwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu, huyumba kuuzunguka mwelekeo wa sumaku hiyo kama pia ya watoto inayozunguka huku ikiinama, na kasi ya kuyumba huongezeka kadiri nguvu ya sumaku inavyoongezeka. Katika sumaku ya tesla 9.4, ambayo ni zaidi ya mara laki moja ya nguvu ya sumaku ya dunia, protoni huyumba takriban mara milioni 400 kwa sekunde. Ndiyo maana mashine hiyo huitwa ya megahezi 400. Masafa hayo ni ya mawimbi ya redio, wala hakuna mnunurisho wowote wa hatari unaotoka kwenye sampuli. Picha za MRI zinazopigwa hospitalini, kwa mfano kwenye sumaku ya tesla 1.5, hutumia protoni za maji ya mwilini kwa kanuni hii hii.

Ishara yenyewe ni dhaifu mno. Protoni zinazolala sambamba na sumaku huwa nyingi kidogo tu kuliko zile zinazoelekea kinyume chake: kwenye megahezi 400, katika joto la kawaida la chumba, ziada hiyo ni takriban 32 katika kila milioni. Kila kinachoonekana kwenye spektra, yaani mchoro wa vilele vya ishara kwa kila masafa, kimetokana na ziada hiyo ndogo. Felix Bloch wa Stanford na Edward Purcell wa Harvard, kila mmoja na wenzake, walifaulu kuinasa ishara hiyo katika vitu vya kawaida, maji na nta ya parafini, na wakachapisha kazi zao mwaka 1946. Mwaka 1952 waligawana Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwaka 1966 Richard Ernst na Weston Anderson walionyesha kwamba badala ya kupitia masafa moja baada ya jingine, unaweza kuipiga sampuli kwa mpigo mmoja mfupi wa redio, ukarekodi mwitikio wake unaofifia taratibu, kisha ukaacha hesabu za Fourier ziuchambue mwitikio huo kuwa masafa yake yote kwa pamoja. Vipimo vilivyochukua saa nyingi vikawa vya dakika. Hatua hiyo, pamoja na kazi yake ya baadaye, ilimpatia Ernst Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1991.

Kama protoni zote zingeyumba kwa kasi moja, mkemia asingefaidika chochote. Kinachomfaidi ni elektroni. Kila kiini kimezungukwa na elektroni, nazo huzaa usumaku mdogo unaopingana na ule wa mashine, hivyo kiini hupata nguvu pungufu kidogo ya ile iliyopo. Kiini kilichofunikwa vizuri na elektroni huyumba polepole zaidi. Kiini kilicho karibu na oksijeni, inayovuta elektroni kwa pupa, hufunuliwa, na kasi yake huongezeka. Tofauti hizi ni ndogo kiasi kwamba hupimwa kwa sehemu kwa milioni, na huitwa mhamo wa kemikali. Sifuri ya kipimo hicho imewekwa kwenye kampaundi moja, tetramethilisilani, ambayo protoni zake zimefunikwa kuliko karibu protoni zote za kampaundi za kaboni. Kutoka hapo, protoni za kaboni za kawaida zisizo karibu na kitu kinachovuta elektroni huonekana kati ya 0.8 na 2, zile za kaboni iliyoshikana na oksijeni kati ya 3.3 na 4.5, zile za pete ya benzini kati ya 6.5 na 8, na ile ya aldehidi (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu na kubeba haidrojeni moja) karibu na 9.5 au 10.

Ethanoli ndiyo iliyoudhihirishia ulimwengu jambo hili. Mwaka 1951, huko Stanford, Arnold, Dharmatti na Packard walichapisha spektra ya ethanoli yenye vilele vitatu vilivyotengana, na maeneo ya vilele hivyo yalikuwa kwa uwiano wa 3 kwa 2 kwa 1: protoni tatu za kaboni ya mwisho, mbili za kaboni iliyoshikana na oksijeni, na moja ya oksijeni yenyewe. Kwa mara ya kwanza muundo uliokuwa ukichorwa vitabuni kwa hoja za kikemia ulionekana waziwazi katika kipimo cha fizikia. Eneo chini ya kilele hulingana na idadi ya protoni, na uaminifu huu wa idadi ni hazina ambayo vyombo vingine vingi havina.

Turudi kwenye waragi. Tukichukua matone machache, tukayachanganya na maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni deuteri (haidrojeni nzito), na kuyaweka kwenye mashine, ethanoli itaonyesha protoni zake tatu za mwisho karibu na 1.17 na mbili zilizo kando ya oksijeni karibu na 3.65. Protoni ya oksijeni haitaonekana peke yake, kwa kuwa hubadilishana nafasi na deuteri ya maji kwa kasi kubwa na kuungana na kilele cha maji karibu na 4.7 au 4.8, ambacho katika kinywaji huwa kikubwa mno hata ikalazimu kukififisha kwa mbinu maalumu. Methanoli itaonekana kama mstari mmoja mwembamba karibu na 3.34. Kwa kuwa kundi la methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu) la methanoli lina protoni tatu, na lile la ethanoli lina protoni tatu pia, uwiano wa maeneo ya vilele hivyo viwili ni uwiano wa molekuli zenyewe moja kwa moja, ilimradi mpimaji ameviacha viini vitulie vya kutosha kati ya mpigo mmoja na mwingine. Hahitaji kwanza kutengeneza mstari wa ulinganifu kwa methanoli safi.

Kwa nini methanoli ina mstari mmoja ilhali kilele cha ethanoli cha 1.17 ni vijilele vitatu na kile cha 3.65 ni vinne? Hapa ndipo NMR inapoanza kueleza nani ameungana na nani. Protoni huhisi usumaku wa protoni zilizo kwenye kaboni ya jirani kupitia elektroni za vifungo vinavyoziunganisha. Protoni mbili za jirani zaweza kujipanga zote juu, moja juu na moja chini kwa njia mbili, au zote chini. Ndiyo maana kundi linalozitazama hugawanyika mara tatu kwa uwiano wa 1 kwa 2 kwa 1. Jirani wakiwa watatu, mgawanyiko huwa wa nne, kwa uwiano wa 1, 3, 3, 1. Methanoli haina kaboni ya jirani, basi hakuna wa kuigawa. Umbali kati ya vijilele, ambao katika ethanoli ni hezi 7 hivi, ni uleule kwa makundi yote mawili, na ulingano huo ndio ushahidi kwamba yanatazamana. Isitoshe, umbali huo haubadiliki ukibadilisha sumaku, ilhali umbali kati ya kundi na kundi ukipimwa kwa hezi huongezeka. Sehemu moja kwa milioni ni hezi 60 kwenye mashine ya megahezi 60, na hezi 400 kwenye ile ya megahezi 400. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya watu kununua sumaku zenye nguvu: vilele vilivyopandana hutengana.

Sasa tuuchukue mti wa Warburgia ugandensis, ambao jina lake la kisayansi lina Uganda ndani yake, na ambao gome lake kali kama pilipili limetumika kwa muda mrefu Afrika Mashariki kutibu kikohozi, maumivu ya tumbo na ya meno. Miongoni mwa kampaundi zilizomo ni polygodiali. Tuseme mtafiti ameitenga ikiwa safi bila kuijua. Spektrometa ya masi, chombo kinachopima uzito wa molekuli, inamwambia fomula ni C15H22O2. Kaboni 15 zilizojaa kabisa zingebeba haidrojeni 32. Hizi zina 22, pungufu kwa 10, na kila jozi inayokosekana inamaanisha pete moja au kifungo cha ziada kimoja. Basi kuna mambo matano ya kuyatafuta.

Spektra ya protoni, katika kiyeyushi cha klorofomu yenye deuteri, inamwonyesha vilele viwili karibu na 9.5, kila kimoja cha protoni moja. Hizo ni aldehidi mbili, na oksijeni zote mbili zimekwisha kupata makao. Karibu na 7.1 kuna protoni moja ya kifungo maradufu cha kaboni kwa kaboni. Karibu na 0.9 hadi 1.0 kuna mistari mitatu ya protoni tatu tatu, yaani makundi matatu ya methili ambayo hayakugawanyika, maana yake yameshikana na kaboni zisizo na haidrojeni. Spektra ya kaboni-13 huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kaboni hiyo ni haba na usumaku wake ni robo tu ya ule wa protoni, lakini inalipa: kuna vilele 15, viwili vya aldehidi karibu na 202 na 193, na viwili vya kifungo maradufu karibu na 154 na 138. Aldehidi mbili na kifungo maradufu kimoja ni mambo matatu kati ya matano. Mawili yaliyobaki hayana budi kuwa pete mbili. Ile aldehidi ya 193 iko chini kuliko kawaida kwa sababu imepakana na kifungo maradufu, na kaboni ya 154 imesukumwa juu kwa sababu hiyo hiyo. Mtafiti hajafungua kitabu chochote cha miundo, na tayari ana nusu ya molekuli.

Kuunganisha vipande ni kazi ya spektra za mihimili miwili, ambazo wazo lake lilitolewa na Jean Jeener wa Ubelgiji mwaka 1971 na kuendelezwa na Ernst. Aina yake mojawapo, COSY, huonyesha protoni zinazotazamana. HSQC hupeleka kila protoni kwenye kaboni yake. HMBC, ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa kampaundi za mimea, huonyesha protoni na kaboni zilizotengana kwa vifungo viwili au vitatu, hivyo huvuka hata kaboni zisizo na haidrojeni. Katika polygodiali, methili mbili hugusa kaboni moja na kila moja humgusa mwenzake, basi zimekaa kwenye kaboni ileile. Methili ya tatu hugusa kaboni ya makutano ya pete na ile ya kando yake yenye aldehidi. Hatua kwa hatua pete mbili hujifunga kwenye karatasi.

Linabaki suala la mwelekeo, na hapa mti huu unatoa funzo ambalo sijaona mfano mwingine unaolishinda. Polygodiali ina ndugu aitwaye epipolygodiali, mwenye atomu zilezile na vifungo vilevile, isipokuwa kwamba aldehidi ya kaboni namba 9 imeelekea upande wa pili. Polygodiali huunguza ulimi. Epipolygodiali haina ukali. Spektrometa ya masi hupata uzito uleule kwa zote mbili. NOESY, ambayo hunasa protoni zilizokaribiana katika nafasi bila kujali vifungo, kwa kawaida ndani ya takriban nusu nanomita, huzitenganisha: katika polygodiali protoni ya kaboni namba 9 iko upande mmoja na ile ya namba 5, ilhali katika epipolygodiali imeelekea kwenye methili ya makutano ya pete. Pamoja na hayo, kilele cha aldehidi hiyo husogea na mgawanyiko wake hubadilika. Ukali anaouhisi mtu anapotafuna gome unategemea mwelekeo huo mmoja.

Uwezo huu usimfanye mtu aamini kwamba mashine hutoa jibu lenyewe. Muundo wa heksasiklinoli, kampaundi ya kuvu iliyoripotiwa mwaka 2002, ulisimama hadi mwaka 2006, mkemia Scott Rychnovsky alipokokotoa kwa kompyuta mihamo ya kaboni ambayo muundo huo ungepaswa kutoa, akaona hailingani na iliyopimwa, akapendekeza mwingine. Usanisi, yaani kuitengeneza kampaundi upya, katika maabara ya mkemia John Porco ukathibitisha pendekezo lake. Data zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokosewa ni kusoma.

Makosa ya kusoma yaliyo karibu nasi zaidi ni ya kawaida mno. Klorofomu yenye deuteri daima hubakiza kilele kidogo cha 7.26, na maji yaliyomo ndani yake hutokea karibu na 1.56. Kiyeyushi cha ethili asetati ambacho hakikukaushwa vizuri huacha alama karibu na 1.26, 2.05 na 4.12. Kinachoudhi zaidi ni fthalati, viungo vya kulainisha plastiki, ambavyo huyeyuka ndani ya viyeyushi kutoka kwenye mirija, vifuniko na chupa za plastiki, kisha hujitokeza karibu na 7.5 na 7.7, na karibu na 4.2, kama kampaundi safi yenye pete ya benzini. Zimewahi kuripotiwa mara nyingi kuwa kampaundi za mimea. Anayetenga dawa za miti shamba Kampala au Mbarara na atumie vyombo vya kioo kutoka mwanzo hadi mwisho, tena aendeshe sampuli tupu ya viyeyushi vyake vilivyokaushwa kwa njia ileile.

NMR pia ina vitu isivyoviona. Ile ya protoni na ya kaboni haioni chumvi zisizo na haidrojeni wala kaboni, haitofautishi molekuli na taswira yake ya kioo bila kuongezewa kemikali maalumu, na huhitaji sampuli nyingi kuliko spektrometa ya masi: miligramu 1 hadi 5 kwa protoni, na kwa kaboni vizuri ziwe 10 au zaidi, katika nusu mililita ya kiyeyushi. Ila sampuli haiharibiki. Ikimaliza kupimwa, hukaushwa na kupelekwa kwenye majaribio ya vimelea au ya sumu.

Uganda ina watu wanaohitaji chombo hiki: katika idara za kemia na famasia za Makerere, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, na katika taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa asilia iliyoko Wandegeya. Sumaku kubwa, hata hivyo, hutengenezwa kwa koili isiyo na ukinzani wa umeme, inayokaa ndani ya heliamu kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, huku naitrojeni kimiminika ikiizunguka. Umeme ukikatika sumaku haizimiki, lakini heliamu isipoongezwa kwa wakati koili hupata joto, na heliamu yote huchemka na kutoweka kwa dakika chache. Heliamu husafirishwa kutoka nje na ni ghali. Ndiyo sababu watafiti wengi wa kanda hii hupeleka sampuli zao Afrika Kusini, Ulaya au kwingineko na kusubiri majibu. Mashine ndogo za mezani, zenye sumaku za kudumu za tesla 1.4 hadi 2.3, hazihitaji heliamu kabisa. Kwa methanoli ndani ya waragi, kwa kukagua dawa iliyo safi kiasi, na kwa kufundishia, zinatosha. Kwa polygodiali vilele vya eneo la 1 hadi 2 vitapandana, na mwanafunzi atakwama.

Anayepeleka sampuli ng'ambo asikubali kurudishiwa picha iliyochapishwa peke yake. Aombe data ghafi, yaani rekodi ya mwitikio wenyewe unaofifia kabla ya hesabu za Fourier, pamoja na faili za vipimo zinazoonyesha masafa, kiyeyushi, joto na muda wa kusubiri kati ya mipigo. Faili hizo huingia kwenye kidude cha kuhifadhia cha mfukoni, na programu za bure kama NMRium, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, huzifungua kwenye kompyuta ya kawaida. Hapo mtafiti anaweza kurekebisha awamu na mstari wa chini mwenyewe, kupima migawanyiko kwa hezi, kuangalia kama kuna kilele kidogo kilichofichwa na aliyechapisha, na kulinganisha na hifadhidata za wazi kama SDBS ya Japani au nmrshiftdb2. Msimamizi aliye Mbarara na mwanafunzi wake wanaweza kukaa mbele ya skrini moja na kubishana juu ya doa moja la HMBC, ingawa sumaku iliyolirekodi iko umbali wa maelfu ya kilomita, na miaka mitatu baadaye mwingine anaweza kulifungua faili lilelile na kuwauliza kwa nini waliamua hivyo.